Pikapu zinapandishwa juu, hatari inabaki kwa abiria

Pikapu ikiinuliwa kwa jeki garajini, magurudumu yametolewa na kando yake imelala mipira minne mipya inayofika kwenye paja la mtu mzima, watoto wa mtaa hukusanyika kutazama. Fundi anaingiza vipande vya chuma kati ya lame na ekseli ya nyuma, anafunga springi ndefu mbele, kisha anakata kidogo karoseri ili mpira usiguse wakati vola inapozungushwa. Jioni gari inatoka imesimama juu kuliko zote za barabarani. Mwenye gari anafurahi, fundi amelipwa. Siku ya soko gari hiyo hiyo inapakia mifuko ya maharagwe, madumu ya mafuta ya mawese, na juu yake wanapanda kina mama saba na watoto wao.

Hao waliokaa juu ya mizigo hakuna aliyewauliza kitu. Nao ndio watakaolipa ikiwa kazi ya garaji haikufanywa sawasawa.

Haifai kuwacheka wenye kupandisha gari zao, kama wafanyavyo watu wa mjini wanaotembea kwenye lami peke yake. Mtu anayefanya safari ya Butembo kuelekea Manguredjipa, au Bukavu kuelekea Shabunda, au anayevuka misitu ya Mambasa wakati wa mvua, anajua anachokitafuta. Njia imechimbwa na malori makubwa. Magurudumu ya lori yanaacha mifereji miwili mirefu, na katikati linabaki tuta la udongo. Pikapu ya kawaida ikiingia humo, tumbo lake linakalia tuta na magurudumu yanazunguka bure. Kukwama huko si hasara ya saa chache tu. Ni kulala porini, ni bidhaa kuoza, ni mgonjwa kuchelewa kufika hospitali, na katika teritware zenye watu wenye silaha ni kubaki mahali ambapo hakuna mwenye akili anayependa giza limkute. Dereva anayesema anataka gari isiyokwama anasema jambo la haki kabisa.

Swali ni kama anachouziwa ndicho anachohitaji. Mara nyingi sicho.

Kwanza kuna jambo ambalo wateja wengi hawaambiwi. Springi ndefu na vipande vya chuma vinainua bodi ya gari. Haviinui ekseli. Kwenye pikapu nyingi, kitu kinachokuwa chini kuliko vyote nyuma ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli, wanaloita diferansi, nalo linakaa kwenye urefu ule ule hata bodi ikipandishwa mpaka mtu ahitaji ngazi kuingia. Kinachoinua diferansi ni ukubwa wa mpira peke yake, na hapo hesabu inakatisha tamaa. Hilux nyingi hutoka kiwandani na mpira wa 265/65R17, ambao kipenyo chake ni kama milimita 776. Ukifungwa mpira wa inchi 33, kipenyo kinafika milimita 838. Tofauti ni milimita 62, lakini nusu yake inaenda juu na nusu inaenda chini. Diferansi inapanda sentimita tatu. Kwa mpira wa inchi 35, haifiki hata sentimita sita. Kwa njia yenye mfereji unaomfikia mtu magotini, sentimita tatu hazibadilishi mengi. Mwenye gari amelipa pesa nyingi, na kitu kilichokuwa kinakwama bado kinakwama.

Bodi kuwa juu kunasaidia kitu kingine: gari haigongi pua wakati wa kupanda ukingo, na kwenye mto maji hayaingii haraka ndani. Faida hiyo ipo, isikataliwe. Lakini ni ndogo kuliko inavyoonekana kwa macho, na inakuja na mambo ambayo hayaonekani kwa macho.

La kwanza ni freni. Mpira mkubwa ni kama mpini mrefu: nguvu inayotoka barabarani inashika mbali zaidi na kitovu cha gurudumu, na freni ile ile ya kiwandani inatakiwa kuishinda. Mpira ukiongezeka kipenyo kwa asilimia nane, freni inahitaji kufanya kazi zaidi kwa asilimia nane ili gari isimame vilevile, bila kuhesabu kwamba mpira wenyewe na rimu yake ni vizito zaidi kuvisimamisha. Wakati huohuo saa ya mwendo inaanza kudanganya. Inahesabu mizunguko ya gurudumu, haijui kwamba gurudumu limekua. Ikionyesha 80, gari yenye mipira ya inchi 33 inakwenda 86. Yenye mipira ya inchi 35 inapita 91. Na kwa kuwa umbali wa kusimama unakua kwa mraba wa mwendo, hizo kilomita sita ambazo dereva hazioni zinaongeza umbali huo kwa karibu asilimia kumi na saba. Kwenye mteremko wa Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, huo ni umbali ambao barabara yenyewe haina.

Kuna kichuma kimoja kidogo ambacho kinastahili kuandikwa zaidi kuliko vyote. Hilux nyingi za modeli za zamani, zile zisizo na freni za elektroniki, zina kifaa kilichofungwa chini ya karoseri ya nyuma, na mkono wake umeunganishwa na ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari ikipakiwa, karoseri inashuka kuelekea ekseli, mkono unasukumwa, na kifaa kinaruhusu nguvu nyingi zaidi iende kwenye freni za nyuma. Gari ikiwa tupu, karoseri iko juu, na kifaa kinapunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na gari kuzunguka. Ni akili rahisi, nzuri, isiyohitaji kompyuta.

Sasa fundi anaingiza vipande vya chuma na kuipandisha karoseri kwa sentimita kumi. Mkono ule unavutwa chini. Kuanzia siku hiyo kifaa kinaamini kwamba gari ni tupu, hata ikibeba tani moja ya mihogo na watu kumi juu yake. Freni za nyuma zinapata nguvu ya gari tupu. Za mbele zinabeba kazi yote, zinapata moto, na kwenye mteremko mrefu pedali inaanza kulainika chini ya mguu wa dereva. Dereva atasema freni zimekatika. Hazikukatika, zilidanganywa garajini. Dawa yake ni kukisogeza kifaa au kuweka kiungo kirefu zaidi ili mkono urudi mahali pake, kazi isiyomaliza hata saa mbili. Ni fundi gani anayeifanya bila kuombwa? Na mteja ataiomba vipi, kama hajui kwamba kifaa hicho kipo?

Hali ni ileile kwa tiyo za freni, ambazo baada ya kupandishwa zinabaki zimevutika kama kamba ya nguo. Gurudumu likishuka kwenye shimo zinaweza kukatika. Kwenye Hilux kuanzia zile za Vigo, kardani za mbele zinakunjwa kwa pembe ambayo hazikutengenezewa, mipira inayofunika viungo vyake inapasuka, vumbi na matope vinaingia, na baada ya muda zinaanza kulia kila vola inapokatwa. Kwenye Land Cruiser 79, yenye ekseli nzima mbele, ekseli inasogea upande na vola inakuwa nyepesi, gari inatangatanga barabarani kama mtu aliyekunywa kasiksi. Rulema za magurudumu zinakufa mapema, hasa pale rimu zinaposukumwa nje kwa kuongezewa vipande ili gari ionekane pana. Ambrayaje inaungua kwa sababu mpira mkubwa umeifanya kila vitesi kuwa nzito, na dereva anapanda kilima akichezesha pedali. Hakuna katika hayo kinachotokea siku ya kwanza. Yanakuja moja baada ya jingine, na mwenye gari anaendelea kununua vipuri akilaani ubora wa Toyota za siku hizi.

Jambo la pili ni kupinduka, na hapa ndipo abiria anaingia.

Gari inasimama kwa uwiano wa vitu viwili: upana kati ya magurudumu yake, na urefu wa mahali uzito wake unapokaa. Ikichukuliwa pikapu yenye upana wa mita 1.5 kati ya magurudumu, na uzito wake ukakaa sentimita 75 juu ya ardhi, kwa hesabu ya karatasini inaweza kulala upande hadi digrii 45 kabla ya kuanguka. Ipakiwe mifuko mpaka juu, watu wakae juu ya mifuko, uzito ufike mita 1.2: sasa inaanguka kwenye digrii 32. Iongezewe sentimita kumi za garaji: ni digrii 30. Mtu atasema digrii mbili si kitu. Lakini hesabu hiyo ni ya gari iliyosimama, isiyo na springi. Barabarani springi zinalala upande wa bonde, springi ndefu na laini zinalala zaidi, gurudumu moja linazama ghafla kwenye mfereji, na mzigo wa juu wenye roho unajitupa wote upande mmoja kwa woga. Digrii zile mbili zilikuwa ndizo zilizobaki.

Mizigo iliyopita kiasi na watu juu yake vilikuwepo kabla ya mipira mikubwa, hilo linajulikana. Sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ambayo ndiyo Kode ya barabara, haikuzuia pikapu kugeuzwa kuwa basi. Umaskini wa usafiri ndio unaoendesha. Mama wa Oicha au wa Komanda hana gari nyingine ya kumfikisha sokoni, na akikataa kupanda juu ya mifuko, mwenzake atapanda. Ndiyo maana kosa la garaji ni zito zaidi hapa kuliko kwingine. Kijana wa Marekani anayepandisha pikapu yake ili aende kucheza kwenye matope siku ya Jumamosi anajihatarisha yeye na rafiki yake, wote wamefunga mikanda. Huku, gari ya mtu mmoja inabeba kijiji.

Australia inafaa kutajwa, kwa sababu huko Hilux na Land Cruiser 79 ni gari za kazi za kila siku na njia za vumbi ni ndefu kuliko za Kongo. Huko kupandisha gari hakukatazwi. Kunapimwa. Kanuni zao kwa kawaida zinamruhusu mwenye gari kuipandisha kwa milimita 50 hivi, majimbo mengine 75 ukijumlisha na mpira, bila kumsumbua mtu. Akitaka kupita hapo, mhandisi mwenye kibali lazima aikague na kuweka sahihi. Watu wanaoijua gari hiyo kwa mapana wameona kwamba sentimita tano zinatosha kwa kazi nyingi. Hapa mteja anapimiwa kwa macho: fundi, ipandishe mpaka ionekane.

Na mipira yenyewe? Imani iliyoenea ni kwamba mpira mpana unashinda matope. Inategemea matope gani. Kwenye kinamasi kisicho na mwisho, mpana unaelea. Lakini njia nyingi za Kivu na Ituri zina tabaka la potopoto juu na udongo mgumu au mawe chini. Hapo mpira mwembamba na mrefu unakata potopoto na kugusa pagumu, wakati mpana unateleza juu yake kama ndala kwenye sabuni. Si bahati kwamba Land Cruiser nyingi za mashirika ya kibinadamu zinatembea na mpira mwembamba wa 7.50R16. Mwembamba pia unaingia kwenye mfereji wa lori na kuufuata, mpana unapanda ukingo na kulilaza gari upande. Kupunguza upepo kidogo kwenye mipira iliyopo, kufunga minyororo, kubeba jembe na mbao mbili, na kuacha mifuko mitano nyuma, vinatoa gari nyingi kwenye matope kuliko inchi 35. Havipendezi kwenye picha, ni kweli.

Anayeamua kununua mkubwa hata hivyo, atazame ubavuni mwa mpira kabla ya kutoa dola. Tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwanda ni wiki na mwaka: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na mpira wa umri huo, hata meno yake yakiwa marefu na meusi yanang'aa, umeshakauka ndani. Namba ya mzigo nayo iko hapo. 112 ina maana mpira mmoja unavumilia kilo 1120. Mipira mingine mikubwa ya kupendeza inavumilia chini ya ile midogo iliyotolewa. Muuzaji anayekasirika mteja akipiga magoti kusoma namba hizo amekwisha jibu swali.

Serikali nayo haiwezi kukaa pembeni. Tume ya taifa ya kuzuia ajali barabarani, CNPR, ipo. Kontroli teknike ipo. Polisi wa rulaje wapo kila njia panda. Mahali pengi madereva hulalamika kwamba ukaguzi unaishia kwenye karatasi: imelipwa, haikulipwa. Mkaguzi anayeinama na tochi chini ya gari iliyopandishwa na kutazama vitu vitatu tu, tiyo za freni, ule mkono wa kupima mzigo na namna vipande vya chuma vilivyofungwa, angefanya kazi kubwa kuliko vizuizi kumi vya kuuliza hati. Vipande vya mbao kati ya lame na ekseli, na viungo vilivyorefushwa kwa kuchomelea chuma chakavu, vingepaswa kuizuia gari hapo hapo. Hilo halihitaji sheria mpya wala mashine kutoka ng'ambo.

Tena kuna barabara yenyewe. FONER, mfuko wa kutunza barabara, uliundwa kwa sheria ya mwezi wa saba 2008, na kila anayenunua mafuta au kupita kwenye peaje anauchangia. Mwenye pikapu anayetumia akiba yake kununua mipira mikubwa analipa mara ya pili barabara aliyokwisha kuilipia. Ana sababu ya kukasirika. Lakini hasira hiyo inapotea anapofika kwenye bariere ya mvua, ile fito inayoshushwa ili njia ya udongo ikauke saa chache kabla ya magari kupita, na yeye kutaka apitishwe kwa sababu gari yake ni ndefu. Anapita kweli. Nyuma yake inabaki mifereji mipya, na malori yanayofuata yanaipanua. Mwezi ujao atahitaji mpira mkubwa zaidi.

Wapo mafundi wanaoifanya kazi hii vizuri. Wanajulikana kwa maswali yao kabla ya bei: gari inabeba nini, inabeba nani, inapita wapi. Wakisikia kwamba ni gari ya soko, wanashauri sentimita nne au tano, lame moja ya kuongeza nguvu, amortiseri zinazolingana na urefu mpya, mpira uliopanda daraja moja tu. Wanarekebisha ule mkono wa freni. Kisha wanaipakia mawe, wanaishusha kilima polepole fundi mwenyewe akiwa kwenye vola, na wanashika rimu kwa kiganja kuona kama za nyuma zimepata moto sawa na za mbele. Wateja wengine wanaondoka wakinung'unika kwamba gari haikupanda vya kutosha, na kwamba garaji ya jirani ingeipandisha mara mbili kwa pesa hiyo hiyo.